Chembe-nano za dhahabu na saratani ya kinywa: hatua kwa hatua, kutoka chupani hadi kwenye hadubini

Mwongozo huu nimewaandikia mafundi wa maabara na wanafunzi wa Mombasa wanaotaka kuona kwa macho yao jinsi dhahabu inavyoitafuta saratani ya kinywa. Jambo hili linatuhusu. Tambuu kwetu ni ya harusini na ya barazani, na tangu 2004 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kimeiweka popoo iliyomo ndani yake katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, hata isipochanganywa na tumbaku.

Hatua ya 1: Maji. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvichumvi, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa chembe-nano, yaani punje za dhahabu ndogo mno zinazoelea majini. Kila chembe huelea kwa kuwa imevikwa chaji hasi inayoisukuma jirani yake. Chumvi ikiingia, chaji hiyo hufifia, chembe zinashikamana na kutuama. Kwa hiyo tumia maji yaliyokenekwa pekee, hata suuzo la mwisho la chupa. Chupa iliyooshwa kwa maji ya mfereji ikaachwa ikauke, usiitumie: chumvi imebaki kwenye kioo ingawa huioni.

Hatua ya 2: Kupika dhahabu. Njia hii ni ya John Turkevich na wenzake, ya mwaka 1951, na bado sijaona nyingine inayomfaa anayeanza kuliko hii. Vaa glavu na miwani, maana asidi ya dhahabu, yaani dhahabu iliyoyeyushwa tunayoanzia nayo, huunguza ngozi na hula chuma. Usiichote kwa kijiko cha chuma. Tia kwenye chupa mililita 100 za mmumunyo wa asidi hiyo wa asilimia 0.01, weka kikorogeo cha sumaku, chemsha. Yakishatokota vizuri, mimina kwa mkupuo mmoja mililita 2 za sodiamu sitreti ya asilimia 1, ndiyo inayoigeuza dhahabu kuwa chembe.

Sasa usibanduke. Umanjano hafifu hutoweka, maji huwa kama hayana rangi, kisha kijivu, kisha zambarau, halafu ghafla yanageuka mekundu kama juisi ya komamanga. Endelea kuchemsha dakika 10 hivi, uache yapoe. Chembe ulizopata zina upana wa nanomita 15 hadi 20; unywele mmoja ni kama nanomita 80,000. Ukiwa na kipimamwanga, kilele cha mwanga unaonyonywa kitakuwa karibu na nanomita 520. Ukiongeza sitreti, chembe huwa ndogo zaidi. Ukipunguza, huwa kubwa.

Hatua ya 3: Kuzivika kingamwili. Chembe tupu haijui saratani ni nini. Seli nyingi za saratani ya kinywa huwa na vipokezi vya EGFR (protini zinazopokea ishara ya kukua) kupita kiasi kwenye ngozi yake, basi tunazivika chembe kingamwili kinachokishika kipokezi hicho. Panga mirija midogo, kila mmoja mililita 1 ya dhahabu, uongeze kingamwili kidogo kidogo kutoka mrija wa kwanza hadi wa mwisho. Subiri dakika 10, kisha tia kila mrija maikrolita 100 za chumvi ya asilimia 10. Ndiyo, chumvi ileile tuliyoikimbia. Mrija uliogeuka wa buluu, chembe zake hazikufunikwa zote. Uliobaki mwekundu zimefunikwa. Chagua kiasi kidogo kabisa kilichobaki chekundu, uongeze kidogo kwa usalama. Wengi huruka kipimo hiki kwa haraka, kisha hupoteza kingamwili cha bei ghali.

Hatua ya 4: Hadubini. Changanya chembe zilizovikwa na seli za saratani ya kinywa zilizokuzwa maabara, suuza, tazama kwa mwanga wa pembeni: chembe zilizoshika hung'aa juu ya giza. Mwaka 2005 Ivan El-Sayed, Xiaohua Huang na Mostafa El-Sayed, huko Marekani, walionyesha kwamba chembe za namna hii zilishika seli za saratani ya kinywa kwa asilimia 600 zaidi ya seli zisizo na saratani.

Hatua ya 5: Kutibu. Kundi hilohilo liliwasha leza ya kijani juu ya seli hizo. Dhahabu hunyonya mwanga na kupata joto, seli inakufa; seli zisizo na saratani zilihitaji nguvu ya leza angalau maradufu. Lakini hayo ni ya kwenye sahani ya maabara. Mwanga wa kijani haupenyi nyama kwa kina, ndiyo maana watafiti waligeukia vijiti vya dhahabu vinavyonyonya mwanga wa nanomita 800 hivi. Mwilini, ini na wengu hunasa chembe nyingi kabla hazijafika kwenye uvimbe. Tiba anayoipata mgonjwa leo ni upasuaji, mionzi na dawa za saratani. Anayekuuzia dhahabu ya kunywa ili upone, mkatalie.

Na mtu akikuonyesha kidonda cha mdomoni kilichopita wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilofutika, au mdomo unaozidi kukaza kufunguka, usimpeleke kwenye chupa zako. Mpeleke kitengo cha meno cha Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, achunguzwe, na ikibidi kikatwe kinyama kidogo kipimwe. Mtu mzima aliyekula tambuu miaka mingi huona haya kufungua kinywa mbele ya wageni. Msindikize, shikamoo kwanza, maswali baadaye.

Dhahabu iliyobaki ihifadhi kwenye friji, gizani, na tarehe juu ya chupa. Usiigandishe: ikiganda, chembe hushikamana na ule wekundu haurudi tena.