SOMO: Kampuni imefilisiwa na pesa zako ziko ndani. Fuata hatua hizi kabla ya kumtafuta mkurugenzi (Kenya)

Nimechoka kujibu swali hili inboksi, mmoja baada ya mwingine. Naliandika hapa mara moja, na kuanzia leo nitakuwa nawatumia kiungo tu. Swali lenyewe ni lile lile: "Nililipia sofa (au tangi, au friji), kampuni imefilisika, nimshtaki mkurugenzi?" Hilo la mkurugenzi ndilo la mwisho kabisa. Kuna mengine yanalitangulia, na ndiyo watu huyaruka.

Hii ni sheria ya Kenya, yaani Sheria ya Ufilisi ya 2015. Ndugu zetu wa Tanzania na Uganda, msinakili vifungu, nyinyi mna sheria zenu.

Hatua ya 1. Jua kampuni iko katika hali gani. Mlango kufungwa si ufilisi. Chukua jina kamili lililo kwenye risiti, si lile la kwenye bango, kisha omba CR12 (hati rasmi ya taarifa za kampuni) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Humo utaona wakurugenzi na wenye hisa. Halafu pekua Gazeti Rasmi la Serikali. Kampuni inaweza kuwa chini ya msimamizi anayejaribu kuiokoa, chini ya mrasimu (receiver) wa benki anayekusanya mali ili benki ilipwe, au mikononi mwa mfilisi anayeuza kilichobaki. Nakumatt, ile ya supamaketi, ilipita kwa msimamizi kwanza, Januari 2018, na ikawa Januari 2020 ndipo wadai walipopiga kura ifilisiwe. Usipojua iko wapi, utaandikia barua mtu asiye na mamlaka.

Hatua ya 2. Kusanya karatasi. Risiti, oda, ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp. Chapisha.

Hatua ya 3. Amua: wewe ni mwenye mali, au ni mdai? Hapa ndipo watu hupoteza haki yao wenyewe, kwa hiyo someni polepole.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 31) inasema hivi: kama mmekubaliana juu ya kitu mahususi, kile pale ulichokigusa, na kiko tayari kukabidhiwa, umiliki unahamia kwako mkataba unapofanyika, hata kama ulisema utakuja kukichukua Jumamosi. Isipokuwa kama mlikubaliana vingine, na sharti hilo mara nyingi hujificha kwa herufi ndogo nyuma ya risiti. Kama kitu kilihitaji kazi zaidi, mathalani kabati la kupigwa vanishi, umiliki hauhami hadi kazi iishe na wewe ujulishwe. Na kama uliagiza tu "kiti cha aina hii" kati ya vingi vilivyoko ghalani, huna kiti. Una deni.

Nimeona kabati likiokolewa na kipande cha karatasi kilichobandikwa mgongoni mwake, kimeandikwa kwa kalamu nene: jina la mteja, "Kitengela", "IMELIPWA". Mfilisi alilitazama, akalinganisha na risiti, akaliachilia. Lililokuwa kando yake, limelipiwa vile vile lakini halina alama yoyote, liliondoka na dalali.

ONYO la kwanza: kama mali ni yako, USIJAZE fomu ya kudai deni la thamani yake kana kwamba umeikubali hasara. Andika barua ya kudai mali yenyewe, taja namba ya oda, na upate muhuri wa "imepokelewa". Fanya hivyo kabla ya mnada. Mali ikishapigwa mnada, umeingia kwenye ubishi wa pesa.

ONYO la pili: usiende usiku na pikapu kuchukua "chako". Hiyo itakuwa kesi nyingine, na wewe ndiye utakuwa mshtakiwa.

Simu au gari ulilopeleka kutengenezwa ni lako bado, ila fundi ana haki ya kulishikilia hadi alipwe kazi aliyokwisha kufanya. Lipa pole pole kwa kawaida haikupi umiliki hadi awamu ya mwisho. Pole sana kwa walioko huko.

Hatua ya 4. Ulilipa kwa kadi? Nenda benki yako leo uombe malipo yarudishwe kwa kuwa bidhaa haikuletwa. Kuna muda wa mwisho, na haukungoji.

Hatua ya 5. Peleka uthibitisho wa deni kwa mfilisi. Kuna fomu yake. Ambatisha nakala, baki na karatasi halisi. Usikimbilie kufungua kesi dhidi ya kampuni: amri ya ufilisi ikishatolewa, kifungu cha 432 kinazuia kesi mpya na hata zile zinazoendelea, ila kwa idhini ya Mahakama Kuu. Utalipa ada bure.

Hatua ya 6. Jua foleni. Benki yenye dhamana juu ya jengo au mashine inachukua dhamana yake. Kisha kuna gharama za ufilisi na malipo ya mfilisi, kisha wafanyakazi, kisha kodi. Mteja wa kawaida yuko pamoja na wadai wengine wasio na dhamana, mkigawana kinachobaki kwa uwiano wa madeni yenu. Mara nyingi ni senti kwa shilingi, na mara nyingi ni sufuri. Peleka fomu hata hivyo, maana asiyepeleka hahesabiwi.

Hatua ya 7. Sasa mkurugenzi. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, na deni lake si la mkurugenzi. Milango ya kumfikia ipo: alikuwekea sahihi ya udhamini binafsi, alikudanganya yeye mwenyewe ili utoe pesa, au aliendesha biashara kwa nia ya kuwalaghai wadai, ama aliendelea kuiendesha ilhali alijua au alipaswa kujua kwamba haiwezi kuepuka ufilisi (vifungu vya 505 na 506). Kujiuzulu hakumfutii aliyoyafanya akiwa ofisini. Lakini hiyo milango miwili ya mwisho hufunguliwa na mfilisi, si wewe, na mkurugenzi akiamriwa kulipa, pesa zinaingia kwenye mfuko wa wadai wote. Kazi yako ni kumpelekea mfilisi ushahidi. Ukiwa na ujumbe unaoonyesha walipokea amana wiki ambayo ghala lilikuwa limeshahamishwa, hiyo ni dhahabu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kevo_Ruiru: Mkuu sijasoma yote ni ndefu. So naweza mshtaki director ama?

Mwandishi: Hatua ya 7.

Kevo_Ruiru: Nimesoma. Lakini ana nyumba Runda na sisi tunaumia. Hiyo sheria ni ya matajiri.

Mwandishi: Nyumba ya Runda si ushahidi. Nani aliilipia, na lini? Kama ilinunuliwa kwa pesa za kampuni, mwandikie mfilisi, ana uwezo wa kuzifuata. Mimi sikuitunga sheria.

Bi_Mkubwa_Likoni: Shikamoo mwalimu. Nilikuwa na amana ya elfu ishirini kwao kwa ajili ya jiko. Lakini pia nilichukua friji kwa mkopo, nimebakisha elfu kumi na mbili. Duka limefungwa, je niache kulipa?

Mwandishi: Marahaba mama, swali zuri. Usiache kimya kimya. Deni lako ni mali ya kampuni na mfilisi atalidai. Mwandikie useme mnadaiana, na uombe hesabu zikatwe. Kumi na mbili zikitolewa kwenye ishirini, humlipi kitu, nawe unabaki mdai wa elfu nane tu. Ukilipa kwanza zile kumi na mbili, umezitoa taslimu halafu ukaingia foleni na ishirini nzima. Ambatisha mikataba yote miwili.

Otis254: Mimi nilikuwa storekeeper hapo. Mishahara ya miezi sita hatujapewa.

Mwandishi: Wewe uko mbele ya wateja. Mshahara wa miezi minne kabla ya ufilisi unapewa kipaumbele, hadi kiwango cha shilingi 200,000 kwa mfanyakazi mmoja. Kinachozidi kinaingia kundi la kawaida. Na wewe unajua bidhaa ziliondoka lini ghalani. Mfilisi angependa sana kuzungumza nawe.

Wanja_M: Warantii ya TV yangu imekufa?

Mwandishi: Kama imetolewa na mtengenezaji, ipo, nenda kwa wakala wake. Kama ni ya duka tu, imegeuka madai kama madai mengine.

Kevo_Ruiru: Wamefungua duka lingine jina jipya, mtaa ule ule, wafanyakazi wale wale!! Nikawadai huko?

Mwandishi: Kampuni mpya hairithi deni kwa kufanana tu. Sasa hili ndilo ulipaswa kuanza nalo, Kevo. Piga picha, chukua CR12 ya kampuni mpya, linganisha majina ya wakurugenzi, na umuulize mfilisi bidhaa ziliuzwa huko kwa bei gani. Zikitolewa kwa bei ya kutupa, anaweza kuiomba mahakama iubatilishe uuzaji huo. Nakala mpelekee pia Mrasimu Rasmi (Official Receiver), afisa wa serikali wa mambo ya ufilisi, yuko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara.

Wanja_M: Na kama nililipa kwa namba ya simu ya mkurugenzi, si ya till (namba ya malipo ya duka)? Risiti ina jina la kampuni, M-Pesa ina jina lake. Ni elfu themanini na tano.

Mwandishi: Hapo una njia mbili. Uthibitisho wa deni kwa mfilisi, na barua ya madai kwa mkurugenzi binafsi, umtake aonyeshe kwamba pesa zilifika kwenye akaunti ya kampuni. Asipojibu, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza hadi shilingi milioni moja, na kesi dhidi yake binafsi haizuiwi na kifungu cha 432. Atajitetea kwamba alipokea kwa niaba ya kampuni, ndiyo maana uanze na taarifa ya M-Pesa yenye jina lake. Na ukilipwa upande mmoja, mjulishe wa pili, hulipwi mara mbili.

Kevo_Ruiru: Hiyo taarifa ya M-Pesa inatolewa wapi?

Mwandishi: *334#, au kwenye app. Iombe ya miezi husika tu.