Jinsi ya kumwombea pasipoti mchezaji chipukizi wa Nyanza, Magharibi au Nakuru kabla ya mashindano ya CECAFA

Jina la mtoto likitoka kwenye orodha ya timu ya taifa ya chini ya miaka 17 au 20, furaha ya nyumbani huwa kubwa na muda huwa mfupi. Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliye Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Bungoma, Busia au Nakuru, na wa mwalimu wa timu anayemsaidia. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: pasipoti iombwe kabla jina halijaitwa. Mtoto akianza kuchezea shule yake katika ngazi ya kaunti, au akisajiliwa na klabu ya ligi, usingoje simu kutoka Nairobi.

Miaka ya korona ilionyesha kwa nini. Novemba 2020 mashindano ya CECAFA, baraza la kandanda la Afrika Mashariki na Kati, ya chini ya miaka 20 yalichezwa Arusha, Tanzania, na Desemba yale ya chini ya miaka 17 yakafuata Rubavu, Rwanda. Yote mawili yalikuwa njia ya kufuzu Kombe la Afrika la umri huo, na Uganda ikayashinda yote. Julai 2021 vijana wa chini ya miaka 23 wakaitwa Bahir Dar, Ethiopia, ambako Tanzania ilitwaa kombe kwa penalti dhidi ya Burundi. Sasa tazama hali ya kwetu Kenya Julai hiyo. Kaunti 13, zikiwemo Kisumu, Siaya, Homa Bay, Vihiga, Kakamega, Bungoma na Busia, zilikuwa chini ya kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, tangu katikati ya Juni. Nakuru nayo ilikuwa imefungwa pamoja na Nairobi na kaunti nyingine tatu kuanzia 26 Machi hadi 1 Mei mwaka huo huo. Mzazi wa Sabatia au Ahero aliyekuwa bado anatafuta cheti cha kuzaliwa katika majuma hayo alikuwa na mlima mbele yake, hata kama mwanawe alikuwa mshambulizi bora nchini.

Vihiga Queens nao walitwaa taji la klabu za wanawake za CECAFA jijini Nairobi Septemba 2021, wakiifunga CBE ya Ethiopia 2-1 katika fainali. Tuzo ya ushindi huo ilikuwa safari ya Cairo mnamo Novemba, kwenye Ligi ya Mabingwa ya kwanza ya wanawake barani. Kutoka kombe hadi ndege, miezi miwili tu.

Kwani kitambulisho hakitoshi?

Swali hili huulizwa sana Busia na Malaba, na lina msingi. Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa anaweza kuingia Uganda na Rwanda bila pasipoti, na watu wa mpakani huvuka kwenda sokoni kila uchao. Lakini mtoto wa chini ya miaka 18 hana kitambulisho. Zaidi ya hapo, katika mashindano ya kimataifa mchezaji hutambuliwa kwa pasipoti yake, na ndiyo wasimamizi huikagua kabla ya mechi. Mtoto anaweza kufika hadi uwanjani Kampala na bado asiruhusiwe kuvaa jezi.

Cheti cha kuzaliwa ndicho kazi yenyewe

Wazazi wengi huogopa ofisi ya uhamiaji. Mimi naona shida kubwa iko nyuma kidogo, kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukiwa nacho, kikiwa halisi na majina yakiwa sawa, yaliyobaki ni hatua za kawaida.

Kama mtoto hakuandikishwa ndani ya miezi sita baada ya kuzaliwa, hiyo ni usajili wa kuchelewa, na hapo utaombwa ushahidi. Kusanya kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, barua au cheti cha shule, na vitambulisho vya wazazi. Pitia kwa naibu chifu wa eneo alikozaliwa mtoto, kisha ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ya kaunti ndogo hiyo. Mtoto aliyezaliwa Butere na kulelewa Nakuru, faili yake iko Butere. Maombi ya cheti siku hizi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lakini ushahidi wa usajili wa kuchelewa bado unakuhitaji kule nyumbani, kwa hiyo tenga siku za kusafiri.

Kisha kagua majina, herufi kwa herufi. Kwetu mtoto hupewa jina la babu, akabatizwa kwa jingine, na shuleni mwalimu akaandika kama alivyosikia. Unakuta cheti kinasema Wafula, matokeo ya mtihani yanasema Wafulla, na usajili wa klabu una jina la ubatizo ambalo halipo kwenye cheti kabisa. Weka karatasi zote mezani, pamoja na kadi yake ya uchezaji. Kosa likiwa kwenye cheti, anzia kwa msajili aliyekitoa ukiwa na ushahidi wa jina sahihi. Likiwa kwenye usajili wa klabu, mwambie meneja wa timu alirekebishe upande wake. Usiende uhamiaji ukitumaini kwamba hakuna atakayeona.

Na tarehe ya kuzaliwa iwe ile ya kweli. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu wapo watu wanaozunguka viwanjani wakimshawishi mzazi "ampunguzie" mtoto miaka miwili ili acheze chini ya miaka 17. Kwa wavulana wa umri huo, kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, cha kifundo cha mkono hutumika kuchuja waliovuka umri. Kijana akikataliwa kwa kipimo, pasipoti yenye tarehe ya uongo hubaki mikononi mwake, na tarehe hiyo itapingana na cheti chake cha shule maisha yake yote. Mtoto wa miaka 18 ana mashindano ya chini ya 20. Mwache acheze huko.

Nani atatia sahihi

Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, wazazi wote wawili hutoa idhini na nakala za vitambulisho vyao. Kama wote wapo na wanaelewana, hapa hapachukui muda.

Hali nyingine zinahitaji maandalizi. Mzazi mmoja akiwa amefariki, beba cheti cha kifo. Mama aliyemlea mtoto peke yake, na ambaye jina la baba halimo kwenye cheti cha kuzaliwa, aende kwa kamishna wa viapo aape kwamba ndiye mlezi pekee. Wakili yeyote wa mjini Kakamega au Kisumu anaweza kumwandalia hati hiyo. Baba aliye mbali, Mombasa au Qatar, atume idhini iliyoandikwa, yenye sahihi, na nakala ya kitambulisho au pasipoti yake.

Mtoto yatima anayelelewa na nyanya yake ndiye anayeumia zaidi, nao ni wengi katika timu zetu. Nyanya amemlea tangu utotoni, kila mtu kijijini anajua, lakini mbele ya uhamiaji hilo halitoshi. Anahitaji vyeti vya kifo vya wazazi na amri ya mahakama inayomtambua kuwa mlezi. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, ambako afisa humwelekeza hatua za mahakamani. Jambo hili haliishi kwa juma moja. Mwalimu, kama una mchezaji wa namna hii kwenye kikosi chako, kaa na nyanya yake mwezi huu. Usingoje msimu ujao.

Kujaza fomu kwenye eCitizen

Mzazi hufungua akaunti ya eCitizen kwa kitambulisho chake, kisha huchagua huduma za uhamiaji na ombi la pasipoti ya mtoto. Ukienda saiba kusaidiwa, sisitiza kwamba nambari ya simu na barua pepe ziwe zako. Vijana wa saiba mara nyingi huweka zao ili kazi iende haraka, na baadaye ujumbe wa ofisi unapotumwa, unafika kwenye simu ya mtu aliyeshakusahau. Nywila iandike mahali pako.

Jaza majina kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Utaombwa pia mdhamini, yaani Mkenya mtu mzima mwenye kitambulisho anayemfahamu mtoto na asiye wa familia ya karibu. Mwalimu mkuu au kocha anafaa sana. Omba nakala ya kitambulisho chake mapema, maana bila hiyo fomu haijakamilika.

Pasipoti ya kurasa 34 inamtosha mchezaji. Tangu ada zilipopandishwa mwaka 2024, gharama yake ni shilingi 7,500, na shilingi 50 za huduma juu yake. Lipa kwa M-Pesa kupitia nambari ya malipo ya serikali, 222222, ukitumia nambari ya akaunti uliyopewa kwenye ankara. Mtu yeyote akikutaka utume pesa kwenye simu yake binafsi "akusukumie faili", kataa.

Baada ya malipo, chagua ofisi na siku ya miadi. Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kisii zote zina ofisi za pasipoti, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda basi hadi Nyayo House, makao ya uhamiaji jijini Nairobi. Chagua ofisi utakayoweza kuirudia, kwa kuwa hapo ndipo utakapochukua pasipoti.

Siku ya miadi

Mtoto lazima aende mwenyewe, pamoja na mzazi au mlezi. Fika asubuhi. Beba fomu iliyochapishwa na kusainiwa na mdhamini, ankara, cheti halisi cha kuzaliwa na nakala yake, vitambulisho vya wazazi na nakala, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, picha tatu za pasipoti, na hati zozote za ulezi. Chapisha nakala za ziada kabla ya kufika. Mtoto atapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, ataulizwa maswali machache, na mtaondoka. Mwambie asinyoe mtindo unaoficha uso na avae shati safi. Picha hiyo ataishi nayo miaka mingi.

Kama tayari ameitwa kambini na siku ni chache, ongeza barua ya mwaliko kutoka kwa shirikisho la kandanda, yenye jina lake na tarehe za mashindano, na uulize afisa wa zamu mapema kama ombi linaweza kuharakishwa. Barua ya shule peke yake ina nguvu ndogo.

Aliyetimiza miaka 18 haombi tena kama mtoto. Yeye anahitaji kitambulisho chenyewe, na ile karatasi ya kusubiria haitatosha. Aombe kitambulisho punde tu anapofikisha umri.

Wakati unasubiri

Tumia siku hizi kumpeleka mtoto chanjo ya homa ya manjano, ambayo nchi kadhaa za ukanda huu huidai kwa anayetoka Kenya. Kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na chanjo moja hutambuliwa maisha yote. Enzi za korona wachezaji walihitaji pia majibu ya kipimo cha PCR cha siku chache kabla ya safari. Meneja wa timu ndiye wa kumuuliza nchi mnayokwenda inadai nini sasa.

Andaa pia barua ya idhini ya safari, kwa kuwa mtoto atasafiri bila wazazi. Itaje timu, nchi, tarehe na jina la afisa anayemsimamia, na isainiwe mbele ya kamishna wa viapo.

Ukipata ujumbe kwamba pasipoti iko tayari, nenda na kitambulisho chako na stakabadhi. Kabla hujatoka mlangoni, ifungue usome jina, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Kosa likionekana hapo hapo ni rahisi zaidi kulishughulikia. Mpe meneja wa timu nakala, na pasipoti yenyewe ikae kwako hadi siku ya safari.