Jinsi ya Kukagua MGB ya Paa la Turubai Kabla ya Kutoa Pesa

MGB, gari dogo la michezo la kampuni ya MG, ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na vipuri vyake karibu vyote bado vinauzwa, hata bodi nzima mpya kutoka kampuni ya British Motor Heritage. Kwa hiyo injini iliyochoka isikutishe. Kinachomaliza pesa ni kutu. Gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa kuwa juu hakuna paa la bati, mzigo mkubwa unashikwa na vizingiti viwili vilivyo chini ya milango. Anzia huko.

Beba tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, bisibisi butu, jeki na mkeka wa kulalia. Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika.

Hatua ya 1: Vizingiti

Kila kizingiti kina bati la nje, la ndani, na jingine lililosimama katikati. Chini yake hupita reli yenye mikunjo ya mraba, na maji hutoka nje kupitia nafasi za mikunjo hiyo. Lala chini uitafute. Ukikuta bati laini limeifunika, ujue mtu amechomelea bati jipya juu ya bovu, na kutu inaendelea kula ndani kwa ndani. Ukarabati wa haki hulazimu kukata sehemu ya chini ya fenda, maana kizingiti hupita nyuma yake. Fundi mwenye haraka hukwepa kazi hiyo.

Sasa tazama pengo kati ya mlango na fenda ya nyuma: liwe sawa kutoka juu hadi chini. Weka jeki kwenye sehemu yake chini ya kizingiti, pandisha taratibu, kisha fungua na ufunge mlango. Mlango ukikwama au pengo likibadilika, bodi inajikunja katikati. Jeki ikizama kwenye bati, shusha gari. Mazungumzo yaliyobaki ni ya bei ya skrepa. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Hatua ya 2: Kutu kwingineko

Pitisha sumaku kwenye fenda, hasa nyuma ya magurudumu ya mbele ambako tope hujikusanya. Isiponata, kuna pati, yaani lipu ya kuziba mashimo na mabonde ya bati. Ila boneti za magari mengi ya miaka ya 1960 ni za alumini, kwa hiyo hapo sumaku kutonata si kosa. Inua zulia nyuma ya viti ukague visanduku vya betri (magari ya zamani yana betri mbili za volti 6), kisha uangalie kwa chini mahali springi za nyuma zinaposhikiliwa kwa mbele. Ufa mdogo wa wima kwenye mlango, chini ya kioo kidogo cha pembeni, ni ugonjwa wa kawaida wa MGB. Huchomelewa, lakini hupenda kurudi.

Hatua ya 3: Injini

Gusa injini kabla ya kuiwasha. Ikiwa ya moto, muuzaji anaficha namna inavyowaka ikiwa baridi. Ikishapata moto barabarani, presha ya oili iwe kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 50 na 80, na ikiunguruma bila kukanyagwa isishuke chini ya 15 hivi. Moshi wa bluu unapokanyaga tena baada ya kuachia mafuta kwenye mteremko mara nyingi hutoka kwenye gaidi za valvu, yaani mirija ambamo valvu hupanda na kushuka. Ukitoka mfululizo, shuku ringi za pistoni. Uliza pia kama silinda hedi imewekewa siti ngumu za valvu. Siti za asili zilitegemea petroli yenye madini ya risasi ili zisilike.

Hatua ya 4: Gia na magurudumu

Gia ya kwanza ya magari ya kabla ya mwishoni mwa 1967 haina sinkro (kifaa cha kulinganisha kasi za gia kabla hazijashikana), hivyo kukwaruza ukiiingiza gari likiwa linatembea si ubovu. Ovadraivu (gia ya ziada inayopunguza mzunguko wa injini), kama ipo, iingie na kutoka mara moja ukiwa gia ya nne. Ikigoma, anza na oili ya giaboksi, kwa sababu giaboksi na ovadraivu hutumia oili moja, kisha kagua waya zake. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Magurudumu ya spoki yanahitaji mtu wa pili. Inua gurudumu, yeye akanyage breki, wewe ulizungushe mbele na nyuma. Mlio wa "klik" maana yake meno ya habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake) yamelika, na gurudumu jipya kwenye habu hiyo litaharibika nalo. Breki ikiwa bado imekanyagwa, shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise. Likicheza, kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele huzungukia ukikata kona) imekwisha, kwa kawaida kwa kukosa grisi.

Hatua ya 5: Namba

Namba ya chesisi ya gari la wazi huanza na GHN. GHD ni ya GT yenye paa la bati. Bampa nyeusi za mpira zilianza mwishoni mwa 1974, na gari likainuliwa kama sentimita 4. Ukiona bampa za kromu kwenye gari la 1977, limebadilishwa, na huenda bado limeinuka kama lilivyotoka kiwandani. Makumbusho ya magari ya British Motor Museum, Gaydon, Uingereza, hutoa cheti chenye tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza na namba ya injini. Kilinganishe na gari lenyewe kabla ya kulipa hata arubuni.