Kamera ya kwanza kwa elfu arobaini: anza na lenzi

Mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani jioni moja, akaketi barazani, akaniambia: "Mjomba, niko na elfu arobaini. Ninunue kamera gani nipige picha za ndege?" Nami nikamuuliza: ndege gani, na utasimama wapi? Hakuwa na jibu, kwa hiyo asubuhi yake tukaenda kulitafuta.

Tunakaa Mikindani, Mombasa. Ukishuka nyuma ya nyumba unafika kwenye mikoko ya hori ya Tudor. Wako yangeyange, wako kaa wadogo wenye gando moja kubwa, na ukibahatika yuko mdiria wa mikoko, yule wa mdomo mwekundu, ambaye urefu wake haufiki hata robo mita. Kwa miguu humkaribii zaidi ya mita 15. Tope litakuzuia, na lisipokuzuia, yeye atakuwa ameshakwenda zake.

Sasa piga hesabu. Kamera nyingi za wanaoanza huuzwa pamoja na lenzi ndogo ya milimita 18 hadi 55. Ukiivuta hadi mwisho, kwa umbali wa mita 15 picha inabeba upana wa mita 6. Mdiria ndani yake ni doa tu. Funga lenzi ya milimita 250 kwenye bodi ile ile, yaani kamera yenyewe bila lenzi, upana unashuka hadi mita 1.3 hivi, na hapo unaanza kuliona jicho lake. Bodi haikubadilika hata kidogo. Kwa hiyo ukitaka viumbe wa mbali, tafuta lenzi kwanza, kisha bodi ya kuibeba. Wauzaji wengi hukuanzishia na bodi, na mnunuzi mgeni hukubali, akaishiwa na pesa kabla ya kufika kwenye kitu chenyewe.

Anayetaka mbega wa Diani, kaa wa pwani au maua, hahitaji kuumia hivyo. Mbega ni mkubwa, na kule amezoea watu.

Kijana tulimchagulia Canon 600D iliyotumika. Ni kamera ya mwaka 2011, ina megapikseli 18, na zinatosha kuchapisha picha kubwa ya ukutani. 650D na 700D zilizoifuata zina megapikseli hizo hizo, basi usilipe nyongeza kubwa kwa ajili ya namba tu. Lenzi tukachukua 55-250 yenye maandishi IS STM. Herufi IS maana yake lenzi inatuliza mtetemo wa mkono wako. Haimtulizi ndege, huyo anatulizwa na kasi ya shata, lile pazia la ndani linalofunguka na kujifunga kuingiza mwanga, sekunde 1/1000 au zaidi akiwa anaruka. Utakutana pia na 75-300 isiyo na IS, na bei yake itakuvutia. Iache. Milimita 50 za ziada hazikusaidii kitu ikiwa kila picha imetikisika.

Nikon nazo ni nzuri, lakini kuna mtego mmoja. Bodi ndogo kama D3300 hazina ndani mota ya fokasi, ile inayoisogeza lenzi hadi picha iwe kali, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF peke yake zitakulazimisha kuzungusha fokasi kwa mkono. Hakikisha imeandikwa AF-S.

Kuna watakaokuambia ununue kamera ya zumu ndefu isiyobadilishwa lenzi, mfano wa Canon SX60. Si ushauri mbaya. Inafika mbali kuliko mfuko wako ungeweza kununua kwa njia nyingine, na kwa kuwa haifunguliwi, vumbi na chumvi hazipati njia rahisi ya kuingia. Lakini sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo mno. Ile ya 600D ina eneo kubwa zaidi ya mara kumi. Juani hutaona tofauti kubwa. Chini ya mikoko, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, picha itajaa chengachenga. Na saa hiyo ndiyo yetu: huku jua hupanda wima upesi, ikifika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali, vivuli vyeusi ti.

Hapa sasa sikiliza vizuri, maana ndipo nilipopoteza pesa zangu. Lenzi yangu ya kwanza niliinunua kwa picha za simu. Nililipa kwa M-Pesa, ikaja kwa basi. Nilipoielekeza kwenye taa niliona nyuzi nyembamba ndani ya kioo, kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Picha zake zilitoka zimefifia kama zimepigwa nyuma ya chandarua, na fundi aliponitajia gharama ya kuifungua, ilikaribia bei ya lenzi yenyewe. Kwa hiyo usilipe kabla hujaishika. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, mulika kutoka upande mmoja na utazame kutoka upande wa pili, ukiinamisha pole pole. Vumbi chache si neno. Nyuzi, au wingu jeupe, rudisha.

Bodi nayo ichunguze. Tazama skrubu na vile vipande vya shaba pale lenzi inapokaa. Vikiwa na kutu ya kijani, kamera hiyo imekunywa hewa ya bahari kwa miaka. Weka tundu la lenzi kwenye f/16, yaani dogo, piga picha ya mbingu tupu, uikuze: madoa meusi ni uchafu wa sensa, husafishwa, na ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe. Uliza pia shata imepiga mara ngapi. Ya D3300, kwa mfano, ilitengenezwa kustahimili mara 100,000.

Pesa zake ziligawanyika hivi: bodi 18,000, lenzi 16,000, betri ya pili na kadi 3,500. Kadi tuliijaza mafaili hadi juu na kuyafungua tena kabla ya kuiamini, kwa sababu bandia ni nyingi. Elfu moja na mia tano zilikwenda kwenye sanduku la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa, chembe za silika, pampu ya mpira ya kupulizia na kitambaa laini. Elfu moja iliyobaki ikawa nauli. Asikuambie mtu kwamba sanduku ni anasa. Kuvu hupenda hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 60, na Mombasa tunaishi juu ya hapo karibu siku zote.

Siku ya kwanza kwenda horini, angalia maji kabla ya saa. Fika yakiwa yamekupwa, chagua pahali jua liwe mgongoni, kaa chini, kisha usubiri yaanze kujaa. Tope linapopungua, ndege wanasogezwa kwako wenyewe. Usiwafuate.

Ukirudi, puliza mchanga kwanza, usiufute. Ukiufuta utachora kioo. Bodi ipitishie kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Ukitoka kwenye chumba chenye AC, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa, la sivyo kioo kitajaa ukungu. Mchele usiuweke sandukuni, unaacha vumbi. Chembe za silika za rangi ya machungwa zikigeuka kijani, zikaushe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo hadi rangi irudi, ziache zipoe, uzirudishe.