Jinsi ya kuwasoma wachezaji wako wa D&D

Ukiwa ndo unaendesha Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya dadu ambayo kila mchezaji anaigiza mhusika wake kwenye stori unayoiongoza we, usikimbilie ramani, angalia kwanza watu waliokaa mezani maana kila mmoja kaja na njaa yake. Kuna yule wa vita tu, akiambiwa atupe dadu macho yanawaka, huyo usimkalishe nusu saa bila adui, mletee hata majambazi wawili njiani. Afu kuna mwigizaji, anabadilisha sauti, analia, anabishana na mwenye duka bei ya kamba, na mi binafsi huyu ndo nampenda ila anaweza kula muda wa wote, kwa iyo mpe nafasi yake fupi alafu geukia mwingine umuulize, "na we unafanya nini?"

Mtu wa namba ndo kazi. Sheria zote kichwani, mhusika wake kapangwa mpaka monsta wanakufa raundi ya kwanza. Usimpunguze nguvu, ataboeka, we mpe tatizo lisilotatulika kwa upanga, mfano mfalme anayetaka kubembelezwa.

Mkimya? Muache, wengine wamefata washkaji tu.

Richard Bartle, mtunzi wa gemu, mwaka 1996 aliwagawa wachezaji wa gemu za mtandaoni mafungu manne, wa kushinda, wa kuchunguza, wa kupiga stori na wa kusumbua wenzao, inasaidia lakini mtu habaki fungu moja. Kabla ya kampeni, yaani stori ndefu mtakayoicheza kwa vikao vingi, kaeni kikao kimoja bila kucheza, kila mtu aseme anataka nini na nini hataki kabisa, afu baada ya mechi chache uliza tena.