Kujiandaa kwa safari ndefu ya baiskeli kutoka Lubumbashi hadi Kundelungu, katika pori lenye usubi

Mtu anayetoka Lubumbashi kwa baiskeli, au kinga kama tunavyoiita hapa kwetu, akishika barabara ya Kasenga na kunuia kupanda uwanda wa juu wa Kundelungu, huanza kwa kuandaa matairi, hufuatia chakula, na wadudu huwakumbuka mwisho, wakati mizigo imekwisha kufungwa. Nashauri utaratibu huo ugeuzwe. Tairi lililotoboka hutengenezwa kwa muda mfupi na safari ikaendelea, lakini mtu aliyekaa usiku mbili mfululizo bila usingizi kwa sababu ya kuumwa hupoteza nguvu za miguu, hupoteza subira, na siku ya tatu huanza kutafuta lori la kumrudisha mjini. Nimewaona watu wenye afya nzuri wakirudi hivyo, na baiskeli zao hazikuwa na kasoro yoyote.

Kabla ya kununua chochote, fahamu kwamba wadudu wa njia hiyo si wa aina moja, na kila aina ina saa yake, makao yake na namna yake ya kumfikia mtu.

Usubi wa mtoni ni inzi mdogo mweusi mwenye mgongo uliopinda. Mabuu yake hushikamana na mawe na majani yaliyozama penye maji yaendayo kasi, kwa kuwa huhitaji maji yenye hewa nyingi. Kwa hiyo utaukuta kwenye vivuko vyenye mawe na karibu na maporomoko, wala hautoki kwenye madimbwi yaliyotulia. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na hupenda miguu kuanzia goti kwenda chini. Huu ndio unaoeneza minyoo ya upofu wa mtoni. Kwa kawaida ugonjwa huo humpata mtu aliyeumwa mara nyingi kwa muda mrefu, hivyo wanaoishi ukingoni mwa mito ndio walio hatarini zaidi kuliko mpita njia wa siku chache, lakini hata mpita njia hana sababu ya kusimama kivukoni akiwa na kaptula.

Usubi wa matope ni mdogo zaidi, kiasi kwamba bawa lake halifiki milimita mbili, na huzaliana katika udongo ulioloa na majani yanayooza. Kwetu udongo wa namna hiyo upo katika mabonde ya majani yanayohifadhi maji, ambayo huitwa dembo. Hutoka alfajiri na jioni hewa inapotulia, na upepo wa kilomita kama 10 kwa saa hutosha kuuzuia usiruke. Jamaa zake ndio wanaowatesa waendesha baiskeli katika nyanda za juu za Uskoti kila majira ya joto, na kanuni waliyoigundua wao inafanya kazi huku pia: anayepanda baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe, basi usubi humpata pale anaposimama. Sehemu kubwa ya maandalizi yako, kwa hiyo, ihusu vituo: mahali utakapobadilisha tyubu, utakapochota maji, utakapopika na utakapolala.

Mbung'o peke yake ndiye asiyefuata kanuni hiyo. Yeye huvutwa na kitu kinachosogea, hulifuata gari na baiskeli, hupenda rangi ya buluu na nyeusi, na huuma kupitia kitambaa chepesi kilichobana mwili. Anaweza kueneza ugonjwa wa malale. Ongeza hapo mbu wa usiku, ambaye malaria yake haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Katanga, pamoja na wale nyuki wadogo wa pori la miombo wasio na mwiba, ambao hawaleti ugonjwa bali hufuata jasho na kuingia machoni, puani na masikioni wakati unapanda mlima polepole na mikono yote miwili imeshika usukani.

Kuhusu majira, wengi hungoja mwezi Mei kwa sababu mvua zimekatika na barabara zimekauka. Mimi napendelea kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Agosti. Mwezi Mei majani bado ni marefu na dembo zimejaa maji, wakati katika miezi ya baridi wadudu hupungua na usiku huwa mtulivu kwa mwenye vazi la kutosha. Lubumbashi yenyewe iko kwenye kimo cha mita kama 1,200, na uwanda wa Kundelungu uko juu zaidi, hivyo baridi ya alfajiri huko ni kali. Beba sweta nzito na soksi za kulalia. Septemba na Oktoba joto hupanda na moshi wa majani yanayochomwa hujaa hewani, jambo linalomchosha sana mtu anayevuta pumzi kwa nguvu.

Mavazi na dawa

Chukua shati la mikono mirefu na suruali ndefu iliyolegea, vyote vya rangi ya kaki au ya majani makavu, na uiache nyumbani ile suruali nyeusi ya kubana ambayo maduka huwauzia waendesha baiskeli, au uivae chini ya suruali nyingine. Kitambaa kilicholegea humwachia mbung'o nafasi tupu kati ya nguo na ngozi. Funga miguu ya suruali ndani ya soksi, kwanza kwa ajili ya mnyororo, pili kwa ajili ya usubi wa mtoni.

Nguo hizo zipulizie permethrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5 siku mbili kabla ya kuondoka, uzitundike kivulini hadi zikauke kabisa, na usiipake dawa hiyo kwenye ngozi. Hudumu kwa kufuliwa mara kadhaa. Ni sumu kali kwa samaki, na kwa sababu hiyo nguo zilizotiwa dawa zisifuliwe mtoni hata mara moja; vijiji vya njia hiyo hula samaki na hunywa maji ya mito hiyo hiyo. Kwa ngozi iliyobaki wazi, tumia dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, ukitanguliza mafuta ya kukinga jua na kuyaacha yakauke kabla ya kupaka dawa juu yake. DEET huyeyusha plastiki na kuharibu vitambaa vya kutanuka, kwa hiyo futa viganja kabla ya kushika vishikio vya usukani, miwani au simu. Mwenye kupata picaridini, dawa nyingine ya kufukuza wadudu, ya asilimia 20 aichukue, kwani haina kasoro hiyo. Dhidi ya mbung'o dawa hizi husaidia kidogo tu, na kinga halisi ni nguo yenyewe.

Chandarua cha kichwa ni kifaa chepesi kuliko vyote na ndicho nisichokubali kuondoka bila nacho. Kiwe cheusi, maana macho huona vizuri zaidi kupitia wavu mweusi kuliko mweupe, na kivaliwe juu ya kofia yenye ukingo ili kisiguse uso. Ununuapo chandarua cha kulalia au hema, chunguza matundu: chandarua cha kawaida humzuia mbu, lakini usubi wa matope hupenya. Tafuta wavu ambao matundu yake ni chini ya milimita moja kwa uwazi, hata kama hupitisha hewa kidogo. Ukikosa, fundi cherehani anaweza kukushonea kifuko cha ndani kwa kitambaa cha wavu wa mapazia chenye matundu madogo; kipulizie permethrini nacho.

Baiskeli na mizigo

Kabla ya kuchagua magurudumu, watazame wabeba makala, yaani makaa ya kupikia, wanaoingia mjini alfajiri. Baiskeli zao za chuma zina magurudumu ya inchi 28, na tyubu za ukubwa huo ndizo zinazouzwa vijijini. Gurudumu la inchi 29 lenye rimu iliyotobolewa tundu pana la valvu linaweza kusaidiwa na tyubu hiyo siku ya dharura; gurudumu la 26 halina msaada huo, na mwenyewe abebe tyubu zake zote kutoka mjini. Tairi lenye upana wa milimita 50 au zaidi hupita kwenye mchanga bila kuzama sana. Breki ziwe za waya, kwa sababu waya hubadilishwa popote, na breki za mafuta zikivuja katikati ya miombo hakuna wa kuzitengeneza.

Mizigo igawanywe katika mifuko inayofungwa ndani ya fremu, juu ya usukani na nyuma ya kiti. Vitu vizito, yaani maji, zana na chakula, vikae ndani ya fremu na chini. Keria hufaa kwenye barabara nzuri, lakini mtikisiko wa siku nyingi hulegeza skrubu zake, hivyo anayeitumia azikaze kila jioni.

Zana za kubadilishia tyubu zisichanganywe na kitu kingine. Ziviringishe pamoja na tyubu mbili mpya, chandarua cha kichwa na glavu nyepesi katika kitambaa kimoja, na uzifunge mahali unapoweza kuzifikia bila kufungua mfuko mwingine. Nilijifunza hilo kando ya dembo moja saa kumi na mbili jioni, nikiwa nimetandaza mizigo yote chini kutafuta pampu, huku usubi ukiwa umejaa shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Kabla sijaipata nilikuwa nimekwisha kulivunja jino la kifaa cha kufungulia tairi kwa pupa. Tangu wakati huo nafuata mpangilio mmoja. Tairi likipasuka, siligusi kwanza, bali naisukuma baiskeli hadi mahali pa wazi penye upepo, mbali na maji na kivuli. Navaa chandarua na glavu kabla ya kuigeuza baiskeli. Naweka tyubu mpya, na ile iliyotoboka naitia kiraka usiku nikiwa ndani ya hema. Fanya mazoezi ya kazi hiyo nyumbani, ukiwa umevaa chandarua na glavu, mpaka uimalize kwa dakika 10.

Maji na kambi

Panga lita 4 hadi 6 za maji kwa siku, na zaidi jua likiwa kali, pamoja na pakiti za chumvi ya kurudishia maji mwilini. Maji ya mto yachemshwe au yatiwe vidonge vya klorini, kwa maana kipindupindu si kigeni katika mkoa wetu. Kivukoni chota haraka, vuka, kisha chujia ng'ambo baada ya kwenda mita mia kadhaa. Chakula hakina shida: unga wa bukari, yaani ugali, karanga na samaki wakavu hupatikana vijijini hadi Kasenga, mji wa Luapula ulioko kilomita kama 200 kutoka Lubumbashi.

Simamisha safari saa kumi alasiri. Muda huo unatosha kutafuta kambi, kupika na kuingia ndani ya wavu kabla hewa haijatulia. Mahali pazuri ni mgongo wa ardhi penye upepo, mbali na dembo na vijito. Vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo vingine hufikia mita kadhaa kwenda juu, vinapendeza kwa kuegemea, lakini upande wake usio na upepo ndiko usubi hukusanyika, kwa hiyo lala upande unaopigwa na upepo. Moshi wa majani mabichi husaidia kwa kiasi, ila katika ukame moto mdogo hugeuka kuwa moto wa pori. Safisha ardhi kuuzunguka na uuzime kwa maji.

Ukifika karibu na kijiji, nenda kwanza kwa chifu umsalimie, umweleze unakotoka na unakokwenda, na umwombe mahali pa kulala. Huo ni wajibu, na pia ndiyo njia bora ya kujua kivuko gani kina usubi mwingi na hali ya usalama huko mbele ikoje. Beba kadi ya mpiga kura, usipige picha migodini, na kabla ya kuondoka ombea ruhusa ya hifadhi katika ofisi ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo, kwa sababu Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu 1970, na maporomoko ya Lofoi, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 300, yamo ndani yake.

Wiki tatu kabla ya safari, nenda Kipushi na kurudi kwa siku moja, kilomita kama 60, ukiwa na mizigo yote. Wiki inayofuata lala usiku mmoja nje, karibu na maji kwa makusudi, ili ujue kama wavu wako unafaa wakati bado uko karibu na nyumbani.

Palipoumwa pasikunwe, paoshwe kwa sabuni, papakwe krimu ya kupunguza mwasho, na kidonge cha setirizini kinywewe jioni ikiwa mwasho unazuia usingizi. Ukipata homa njiani au katika wiki zinazofuata kurudi kwako, pima malaria siku hiyo hiyo. Kipimo kikiwa safi na homa ikiendelea, au ukiona kidonda kilichovimba mahali mbung'o alipouma, mwambie mganga wa kituo cha afya kwamba ulipita porini, umtajie tarehe na mahali, kwa maana asipojua hilo hatafikiria kukupima malale.