Somo: Kucheka pamoja na mwenzako wa kubadilishana lugha

Wengi wetu hapa Mombasa tuna wenzetu wa ng'ambo: sisi twawafunza Kiswahili, wao watufunza lugha yao. Urafiki wa namna hii mara nyingi hufa baada ya salamu na habari za mvua. Unaodumu, kwa nilivyoona, ni ule ambao wawili hao wana kicheko chao wenyewe. Na kicheko hicho hakiji kwa kusimulia vichekesho. Huja kwa mchezo ambao kila mtu ana zamu yake. Mfano wangu ni mwenzangu aliyeko Köln, Ujerumani, lakini hatua zenyewe zafaa kwa yeyote.

Hatua ya kwanza: vitendawili
Wewe wasema "Kitendawili!", yeye ajibu "Tega!" Hata anayeanza leo aweza hilo, na tayari yumo mchezoni. Chagua ambavyo majibu yake yako kwao pia. "Nyumba yangu haina mlango" chafaa, kwani mayai yako kila jikoni. "Kuku wangu katagia mibani" ni kigumu, maana aliyezoea kuona nanasi dukani hajui kwamba huota katikati ya majani yenye miba. Akishindwa, mtumie picha ya shamba.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye mji. Akishindwa, mwambie "Nipe mji." Atakupa Köln, nawe utaanza: nimefika Köln, nimepokewa hivi, nimekula kile. Utakosea, naye atakukatiza kwa kicheko kwamba kitu hicho hakiliwi asubuhi, au mtaa huo hauko upande huo wa mto Rhine. Zamu yake ikifika, wewe ukashindwa, mpe Mombasa. Mwenzangu alifika Mji wa Kale akanywa chai kwa biriani alfajiri! Hapo ndipo nilipomweleza mahamri na mbaazi za nazi, na hajasahau hata neno moja. Msiuharakishe mchezo huu. Mji mmoja watosha kwa jioni nzima.

Hatua ya pili: mweleze nani hutaniwa
Kwetu utani una wenyewe. Bibi humwita mjukuu wake "mume wangu" mbele za watu na nyumba nzima ikacheka, lakini mtoto hathubutu kumtania baba yake hivyo. Mgeni asiyeelezwa hili atashtuka, au atamtania asiyestahili. Kisha muulize kwao mpaka uko wapi.

Hatua ya tatu: pokea na chake
Hapa wengi hukosa subira: twataka acheke vyetu tu. Köln wana karnivali yao, na katika mikutano ya msimu huo mtu hupanda jukwaani akatoa hotuba ya mzaha, mara nyingi kwa vina, akiwagusa wakubwa na wanasiasa. Niliposikia hivyo nilimweleza habari za Muyaka bin Haji, malenga wetu wa enzi za Mazrui, na mashairi yake ya majibizano. Tangu siku hiyo hatukukosa la kuzungumza.

Hatua ya nne: tumianeni sauti. Maandishi hayabebi kicheko vizuri.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Likoni: Dada, mwenzangu ni mzee, rika la baba yangu. Nimtanie vipi?
Jibu: Usimtanie yeye, mdogo wangu. Mfunze "shikamoo" na "marahaba", kisha mwingie kwa vitendawili. Na umwombe akusimulie yaliyowachekesha utotoni. Wazee wa kila mahali hupenda kuulizwa hilo.

Mwanachama wa Majengo: Nilimtumia kichekesho, hakucheka. Nikamfafanulia, akanyamaza kabisa.
Jibu: Kiache, ndugu yangu. Kicheko kinachohitaji maelezo marefu kimeshapita. Mpe yeye zamu.

Mwanachama wa Kongowea: Kuna picha za mzaha za Hitler zinazosambaa kwenye simu. Naweza kumtumia rafiki yangu Mjerumani?
Jibu: La, tafadhali. Ujerumani kuonyesha hadharani alama za Kinazi, hata ile salamu ya mkono, ni kosa la jinai isipokuwa katika mambo machache kama elimu na sanaa. Na hata kama sheria isingekuwepo, kuna familia ambazo jeraha hilo bado liko nyumbani mwao. Dini na rangi za watu pia ziwekeni kando.

Mwanachama wa Kisauni: Wangu pia ni wa Köln. Ameniambia msimu wao wa karnivali wafunguliwa tarehe 11 Novemba, 11:11 asubuhi, anataka tuongee wakati huo. Kwetu ni saa ngapi?
Jibu: Saa saba na dakika 11 mchana, kwani Novemba sisi tuko mbele yao kwa saa mbili. Tayarisha beti moja fupi yenye vina, naye atayarishe yake. Mwambie avae vifaa vya masikioni, maana mitaa yao siku hiyo ina makelele.